Koti halivuji, sasa nimelowaje?

Jioni moja ya Aprili mvua ilinikuta Westlands, Nairobi, nikiwa kwenye baiskeli. Nikajibanza chini ya daraja pamoja na vijana wa bodaboda, nikatoa koti langu jipya la mvua, nikalivaa na kufunga zipu hadi kidevuni, kisha nikaanza kupanda Waiyaki Way kwenda Kinoo huku wenzangu wakingoja mvua ipungue. Nilijiona mjanja. Nilipofika getini na kulivua, shati lilikuwa limegandamana na mgongo na maji yanachuruzika hadi kiunoni. Mlinzi wetu, mzee asiyepitwa na jambo, akacheka. "Umeuziwa chujio, kijana wangu."

Iliniuma, maana pesa niliyotoa haikuwa ndogo. Usiku huo nikalitandaza koti juu ya beseni tupu, nikalibonyeza katikati likafanya shimo kama bakuli, nikamimina jagi zima la maji na kwenda kulala. Asubuhi maji yalikuwa bado yametulia juu ya koti, na beseni chini kavu kabisa. Koti halikuvuja. Maji yaliyonilowesha yalikuwa yangu mwenyewe.

Wengi wetu tunaoendesha baiskeli mjini hapa hupotelea hapo. Tunanunua nguo kwa kuuliza swali moja tu: maji yataingia? Swali la pili, yale yaliyomo ndani yatatokaje, hatuliulizi, na kwa mtu anayepanda kilima akirudi nyumbani hilo ndilo kubwa. Misuli ya mwendesha baiskeli hutumia kama robo tu ya nguvu yake kuzungusha pedali. Sehemu iliyobaki hugeuka joto, na mwili huliondoa joto hilo kwa jasho. Ukipanda kwa bidii unaweza kutoa lita nzima kwa saa moja. Lifungie jasho hilo ndani ya nailoni isiyopitisha kitu, halafu ushangae umelowa.

Utaniambia koti lako si nailoni ya kawaida, ni lile "linalopumua". Sawa. Soma lebo. Makoti ya maana huwa na namba mbili, tuseme 10,000 na 10,000. Ya kwanza ni milimita: kitambaa kimebanwa chini ya bomba la maji lililosimama, maji yakaongezwa polepole, na matone hayakupenya hadi kimo cha maji kilipofika mita 10. Kwa mvua ya Nairobi hiyo inatosha na kubaki. Namba ya pili ni gramu za mvuke unaopita kwenye mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Chukua kalamu: 10,000 gawanya kwa 24 ni kama gramu 417 kwa saa. Kwa hiyo hata maabara, mahali ambapo mambo yote yamepangwa yaende vizuri, mita nzima ya kitambaa hicho haitoi hata nusu lita kwa saa, na wewe unatoa lita. Hesabu haikubali, na aliyekuuzia hakukudanganya. Ni vile tu hakukufanyia hesabu.

Halafu barabarani mambo si kama maabara. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aliuvuta kwa nguvu mchi wa plastiki ya moto ya aina ile inayopakwa kwenye kikaango kisichoshika, akitarajia ukatike. Haukukatika, ulirefuka na kujaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Huo ndio mwanzo wa Gore-Tex, utando mwembamba unaowekwa ndani ya makoti ya mvua yanayopumua. Kila kitundu ni kidogo mara elfu 20 kuliko tone la maji, lakini ni kikubwa kuliko chembe ya mvuke, kwa hiyo tone hubaki nje na mvuke hupita. Ila mvuke hausukumwi na mtu. Hupita kwa sababu ndani kuna unyevu mwingi kuliko nje. Siku ya mvua kubwa ya Aprili hewa ya nje nayo imeshiba maji, tofauti hiyo ni ndogo, na mvuke unakaa palepale ulipo, shingoni na mgongoni mwako.

Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Juu ya utando huo kuna kitambaa cha nje, na juu ya kitambaa hicho kuna mpako mwembamba unaofanya matone yatengeneze vidonge na kuteleza kama maji juu ya jani la nduma. Mpako ukichakaa, kitambaa cha nje hunywa maji, hulala kama taulo mbichi juu ya utando, na vile vitundu vyote huwa vimezibwa. Koti bado halivuji, lakini halipumui tena, na ubaridi wake unaugusa mwili wako moja kwa moja. Watu wengi hulitupa koti katika hatua hii wakidhani limekufa, kumbe ni chafu tu.

Naam, chafu. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba koti la mvua halifuliwi. Mafuta ya mwili, jasho, na ule moshi mweusi wa matatu unaonata kila mahali ndivyo vinavyoua mpako. Lifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya maji, mikono tu, bila kulisugua kwa brashi. Lisuuze mara tatu, maana sabuni iliyobaki kwenye kitambaa huyavuta maji badala ya kuyafukuza. Ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri usiitie kabisa: hufunika nyuzi kwa utelezi wake na kuumaliza mpako. Likikauka, tia tone la maji begani. Likiviringika, mambo sawa. Likitandaa na kuacha doa jeusi, mpako unahitaji joto kidogo uamke: pasi isiyo moto sana, kitambaa kikavu katikati, na iwapo tu lebo haikatazi pasi. Mpako usipoamka hata hapo, nunua dawa ya kupuliza kwenye duka la vifaa vya kambi.

Asubuhi na jioni si mtu mmoja

Kinoo iko juu, mjini chini. Ni tofauti ya zaidi ya mita mia moja, na mtu yeyote wa Kikuyu, Ngong au Limuru anaijua bila kupimiwa. Asubuhi unashuka: huzungushi sana, upepo unakupiga kifuani, na Julai kipimajoto kinaweza kuwa nyuzi 11 au 12. Jioni unapanda, unachemka, na mara nyingi mvua za hapa huchagua saa hizohizo za alasiri na jioni kumwagika. Kwa hiyo nguo inayokufaa kwenda kazini ndiyo itakayokutesa ukirudi.

Asubuhi unahitaji kukinga upepo kifuani, si kujifunika blanketi. Kizibao chepesi cha nailoni, kisicho na mikono, kinachokunjika kikaingia mfukoni, kinashinda jaketi zito. Usipokuwa nacho, gazeti. Sisemi mzaha: waendeshaji wa Tour de France wamekuwa wakiingiza gazeti chini ya jezi kabla ya kushuka milima ya Alpi tangu enzi za mababu zao. Karatasi huzuia upepo, hunyonya jasho kidogo, na ukifika kazini unaisoma.

Jioni ushauri wangu utawaudhi watu wa maduka. Kama ni manyunyu na unapanda, usivae koti. Lowa. Chagua tu utalowa na kitambaa gani, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, na kitambaa kilichojaa maji kinakunyonya joto pale unaposimama kwenye taa au foleni ya Kangemi. Fulana ya pamba ndiyo mbaya kuliko zote. Hunywa maji, huwa nzito, hung'ang'ania mgongo na kukauka kesho. Poliesta hainywi hata asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo hukauka haraka, lakini hupenda mafuta, na mafuta hulea bakteria, ndiyo sababu jezi iliyofuliwa jana inaanza kunuka ukifika Uthiru. Sufu nyembamba ndiyo kipenzi changu. Hunyonya mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, hainuki upesi, na ikiwa mbichi bado inatunza joto kiasi. Najua neno sufu linakukumbusha sweta ya shule iliyokuwasha shingo kuanzia Januari hadi Desemba. Hii ni nyingine. Tafuta neno merino kwenye lebo, uiguse na sehemu ya ndani ya mkono.

Koti lina siku zake: mvua kubwa, mteremko, au safari ndefu penye baridi. Hata siku hizo lifungue zipu kwapani kama zipo, legeza mikono, acha kola wazi. Mvua kidogo itakayoingia ni chache kuliko jasho utakalolihifadhi.

Gikomba, Toi na macho ya kuchagulia

Nguo nyingi nzuri za baiskeli nilizonazo zimetoka mitumba, kwenye masoko ya Gikomba na Toi. Watu wa Ulaya huvaa koti misimu miwili, wakachoka na rangi yake. Asubuhi belo likifunguliwa, zile za kamera, yaani za daraja la kwanza, huondoka kwanza kwa bei ya juu. Ukifika saa nane unachagua mabaki, ambayo kwa nguo za baiskeli si mabaya, maana wauzaji wengi hawajui jezi yenye mifuko mgongoni ni ya nini. Mama mmoja wa Toi alishanishawishi kwamba mifuko hiyo ni ya kubebea mtoto wa paka.

Koti la mitumba ligeuze ndani nje kabla hujauliza bei. Tazama mishono: kila mshono unapaswa kuwa na utepe mwembamba uliobandikwa juu yake, kwa sababu sindano ya cherehani imetoboa pale mamia ya matundu. Utepe ukiwa umebanduka, achana nalo. Kisha pitisha kiganja kwenye sehemu ya ndani ya shingo na mabega. Ikiwa inanata kama gundi, au inapukutika vipande vyeupe kama ngozi iliyoungua na jua, ule ni mpako wa plastiki uliooza kwa umri na unyevu, na hakuna fundi atakayeurudisha. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize: koti la mvua halisi halipitishi pumzi yako, hata lile linalopumua, maana kinachopita ni mvuke na si upepo. Likipitisha ni kizibao cha upepo; nalo linafaa, ila lilipie bei ya kizibao.

Kaptura yenye sponji mitumba sinunui, na si kwa ajili ya aibu. Sponji iliyokwisha kukaliwa na mtu mwingine miaka miwili imebonyea kwa umbo lake, na nyuzi zake za kuvutika zimechoka. Ukitaka kujua, inyooshe dhidi ya mwanga: ukiona vinyweleo vyeupe vimetokeza na mkono wako unaonekana upande wa pili, imekwisha, na anayekufuata barabarani ataona zaidi ya ulivyokusudia. Zamani sehemu hiyo ilitengenezwa kwa ngozi ya mnyama wa milima ya Ulaya anayefanana na mbuzi, ikilainishwa kwa mafuta kila baada ya kufuliwa. Siku hizi ni sponji na kitambaa cha kukausha jasho, lakini sheria yake haijabadilika: inavaliwa bila chupi. Mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Na kwa kuwa inagusa ngozi moja kwa moja, inafuliwa kila ukiivaa, hata kama ulienda dukani tu, tena ikigeuzwa ndani nje. Kama unaona haya kupita stejini ukiwa umebanwa hivyo, vaa kaptura ya kawaida juu yake. Mimi hufanya hivyo, na tumbo langu linashukuru.

Maji ya chini

Kwa miaka miwili nilipigana na mvua ya juu kumbe nusu ya maji yalikuwa yanatoka chini. Gurudumu la nyuma lisilo na madigadi huchota maji machafu ya barabarani na kuyachora kwa mstari ulionyooka kutoka kiunoni hadi kisogoni. La mbele hukurushia miguuni na, ukishuka kasi, usoni. Mvua ikishakatika barabara hubaki na maji saa nzima, na wewe unaendelea kulowa chini ya anga safi. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya wazee wetu, inakuja na madigadi ya chuma. Hizi zetu nyepesi za kisasa zilivuliwa ili zionekane za mashindano. Rudisha madigadi marefu, na kwenye la mbele ning'iniza kipande cha tyubu kuukuu kifike karibu na lami. Hakuna koti la bei yoyote litakalokufanyia kazi hiyo. Ila kama njia yako ni ya udongo mweusi wa Embakasi, wacha nafasi kubwa kati ya madigadi na tairi. Udongo ule hujaza pengo na kulisimamisha gurudumu kabisa.

Miguu hubaki. Kiatu cha baiskeli kina soli ngumu ili nguvu isipotelee katika kupinda nyayo, na baadhi hujifunga kwenye pedali. Kampuni ya Look ilileta pedali za kujifunga mwaka 1984, zikiwa na kipande kikubwa cha plastiki chini ya soli kinachoshikwa na skrubu 3. Kampuni ya Shimano mwaka 1990 ikaja na SPD, kipande kidogo cha chuma cha skrubu 2 kilichozama ndani ya soli. Kwa Nairobi mjadala unaishia kwenye swali moja: utatembea? Utatembea. Kuna madaraja ya waenda kwa miguu yenye ngazi, kuna matope ya kukokota baiskeli, kuna siku tairi linapasuka. Kile cha skrubu 3 kitakutembeza kama bata na kuteleza kwenye kila ngazi ya chuma. Milima hii ya Kikuyu ndiko mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah alikomfundisha Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mara 4, lakini washindani hufuatwa na gari lenye viatu vya akiba. Sisi tunafuatwa na matatu.

Na siku za mvua nitasema bila haya: akala. Soli ya tairi ni ngumu, haitelezi kwenye pedali, hainywi maji, na ukifika unaifuta kwa kitambaa, imekauka. Vidole vitakula baridi, kweli, na ukigonga ukingo wa barabara utajuta. Anayetaka raba zake na avae mfuko wa mkate kati ya soksi na kiatu. Zamani tungetumia mfuko wowote wa duka, lakini tangu marufuku ya Agosti 2017 ile mifuko ya plastiki imetoweka na wa mkate ndio uliobaki. Kwa sababu hiyohiyo nguo zako za kazini zinahitaji begi lenye mdomo wa kukunjwa mara tatu. Gunia dogo la kushonwa wanalotupatia sokoni halizuii hata umande.

Kiatu kilicholowa kisikaribie jiko. Joto hulegeza gundi ya soli, na ngozi hupasuka. Toa soli ya ndani, jaza gazeti lililofinyangwa, baada ya saa moja litoe likiwa zito, tia jingine. Gazeti la pili hufanya kazi ya usiku. Vile viskrubu vya chini vipake grisi mara moja kwa msimu, la sivyo siku ya kuvifungua utamtafuta fundi mwenye msumeno.

Kuhusu kuonekana, jambo moja watu hulichanganya. Rangi ile kali ya njano au chungwa ya vesti za bodaboda hung'aa kwa kugeuza miale ya jua tusiyoiona kuwa mwanga tunaouona. Saa kumi na mbili jioni chini ya mawingu inafanya kazi vizuri sana. Giza likiingia jua halipo, na taa za gari karibu hazina miale hiyo, kwa hiyo njano yako inakuwa kijivu. Kinachokuokoa usiku ni ule utepe wa fedha, uliojaa chembe za kioo zinazorudisha mwanga kulekule ulikotoka, yaani machoni mwa dereva. Ufunge kwenye vifundo vya miguu: kitu kinachopanda na kushuka kinamwambia dereva huyu ni mtu anayezungusha pedali, si nguzo. Usimpe fundi cherehani ashone utepe huo kwenye koti la mvua. Atakushonea vizuri, na kila tundu la sindano yake litaingiza maji. Ushonwe kwenye vesti, ivaliwe juu.

Nguo zikishajaa udongo mwekundu, usikimbilie maji. Acha zikauke, upukute kwa brashi, ndipo uloweke kwenye maji baridi. Wekundu ule ni kutu ya chuma, na Jik haiondoi kutu; huweza hata kuligandisha doa, na papo hapo inakula nyuzi za kuvutika za kaptura. Soksi za pamba zipake maji ya limau. Jezi na kaptura anika kivulini, maana jua la mita 1,700 juu ya bahari lina makali hata siku ya baridi na hupausha ile njano ya vesti ndani ya miezi michache. Julai, jua linapojificha wiki nzima na kamba ya balkoni haikaushi kitu, tandaza taulo kavu kitandani, laza jezi juu yake, viringisha vyote pamoja kama chapati na usimame juu yake kwa miguu yako yote miwili. Ukiifungua, iliyobaki ni unyevu wa saa mbili tatu tu. Mlinzi wetu aliniona nikifanya hivyo veranda siku moja, akauliza kama ni kukanyaga ngoma. Nikampa lile koti alijaribu zamu ya usiku ya mvua. Yeye hapandi kilima. Anakaa kwenye kiti. Asubuhi akaja nalo, kavu ndani, akaomba kujua nitaliuza lini.